Kujua Kwamba Unachukuliwa

Samaki aliye katikati ya mto mpana usiku wa giza, maji yakienda kwa kasi moja pande zote, hana njia ya kujua kwamba anachukuliwa. Hakuna kinachomsukuma. Maji ya ubavuni yanakwenda naye, ya mbele na ya nyuma yanakwenda naye vilevile. Kwa hisia zake zote ametulia palepale, na kumbe kila dakika anazidi kuwa mbali na makazi yake.

Wengi wetu tunaamini kwamba kupotoka kunahisika. Tunajiambia kuwa siku tutakapoanza kuyaacha tunayoyathamini, kitu fulani moyoni kitatushtua. Mimi siamini tena hivyo, na sababu moja ni samaki mdogo wa vijito na mashamba ya mpunga ya India, Nepal na Bangladesh, mwenye milia ya buluu ubavuni, ambaye wanasayansi humwita Danio rerio. Tangu George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon alipompeleka maabara, samaki huyu amekuwa mmoja wa viumbe wanaochunguzwa sana duniani. Akiwa na umri wa juma moja hivi ana urefu wa milimita nne tu, na mwili wake unapitisha mwanga kiasi kwamba moyo unaonekana ukidunda. Hata katika umri huo anajua kuukabili mkondo: huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akaogelea kiasi cha kubaki alipo.

Mchana macho humsaidia samaki. Mawe na majani ya ukingoni yakionekana kusogea, anajua kwamba anayesogea ni yeye. Mwaka 1904 Mmarekani E. P. Lyon alieleza jinsi alivyowatia samaki ndani ya chupa iliyozibwa, kisha akaisogeza. Ndani ya chupa hamkuwa na mkondo wowote, lakini samaki waligeuka wakaogelea kukishikilia walichokuwa wakikiona nje.

Gizani ndipo penye ajabu zaidi. Kuanzia kichwani hadi mkiani samaki ana safu ya vidoa vya hisia, kila kimoja kikiwa na seli zenye vinywele vilivyozama katika ute mzito. Ni jamaa wa karibu wa seli zinazosikia ndani ya sikio la mwanadamu. Baadhi huitika vinywele vikilalia upande wa mkia, nyingine vikilalia upande wa kichwa. Mwaka 2017 Pablo Oteiza na wenzake, akiwemo Florian Engert wa Harvard, walieleza katika jarida la Nature jinsi samaki wachanga wanavyozitumia. Waliwaweka katika mirija yenye maji yanayotiririka. Ndani ya mrija maji ya katikati hukimbia, yale yanayogusa ukuta hujikokota. Samaki aliye kati ya hayo mawili hupata kasi moja ubavu wa kulia na nyingine ubavu wa kushoto, na tofauti hiyo ndiyo habari yake yote. Huogelea kwa mpapatiko mfupi, akatulia, akapapatika tena, na kila mara hulinganisha tofauti anayoihisi sasa na aliyoihisi muda mfupi uliopita. Ikipungua, huendelea moja kwa moja. Ikiongezeka, hugeuka kufuata upande ambao tofauti hiyo ya kasi inayafanya maji yazungukie. Kwa kanuni fupi hiyo, bila kuona chochote, huishia ameukabili mkondo.

Kwa hiyo kinachomwokoa si nguvu za mkia. Ni ukuta ulio karibu, usiokwenda na maji, pamoja na kumbukumbu ya alichokihisi kabla. Nahodha wa jahazi gizani hufanya jambo la jinsi hiyo: huteremsha bildi, yaani kamba yenye kipande cha risasi nchani, hadi risasi ikae chini, na kamba ikianza kulala upande, amejua mkondo unampeleka wapi.

Nafikiria kijana anayeanza kazi katika ofisi ambayo kila mmoja hupokea kitu kidogo. Mwezi wa kwanza anashtuka, kwa sababu nyumbani alikotoka bado kuko karibu naye. Mwaka wa tatu hashtuki. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna siku aliyokaa akaamua kuwa mla rushwa. Wote waliomzunguka walikwenda kwa kasi moja, naye akaona ametulia. Mama yake angemuuliza tu, “Hizi umezipata wapi, mwanangu?” kijana angejua umbali aliokwisha kwenda. Lakini siku hizi hupiga simu kwa haraka, hutuma pesa, na mazungumzo huishia hapo.

Sisemi kila mkondo ni adui. Samaki hapigani na maji. Maji ndiyo yanayomletea chakula, na huyakabili ili akipokee kinapofika. Mtu anayekataa kila jambo jipya kwa jina la maadili naye hajausoma mto.

Lipo jambo moja linalonitia hofu kuliko yote. Shaba ikiyeyuka majini, hata kwa kiasi kidogo kisichomuua samaki, huua zile seli zenye vinywele. Samaki anaendelea kuishi, kwa macho ni mzima, ila hisia ile imekwisha. Nadhani ndivyo dhamiri zetu zinavyokufa, mwili ukiwa na afya na shughuli zikienda vizuri. Hata hivyo samaki ana bahati ambayo sikio letu halina: akirudishwa kwenye maji safi, seli mpya huota ndani ya siku chache. Sikio la mwanadamu likizipoteza zake hazirudi. Kuhusu dhamiri, nina imani kwamba katika hili tunafanana na samaki.

Ndugu msomaji, kama bado yupo mtu aliyekujua kabla ya cheo na kabla ya pesa, mtu asiyekuogopa na asiyetaka chochote kwako, mtembelee juma hili. Kaa naye kwa muda wa kutosha hadi akuulize maswali, na usimkatize.