Deni la Shahada ni la Nani?

Desemba inapofika, mabasi hushusha watu Moshi mjini na daladala huwapandisha Kibosho, Machame na Marangu. Kati ya Krismasi na mwaka mpya, vikao vya ukoo hukaa migombani. Mbege ipo, mbuzi kachinjwa, na baada ya sala daftari hufunguliwa. Kuna mtoto kapata chuo. Baba mdogo wa Dar es Salaam anaahidi laki tatu, shangazi anayeuza ndizi soko la Mbuyuni anaahidi elfu hamsini, katibu anaandika.

Fedha hiyo si mkopo, maana haina tarehe ya kurejeshwa. Wala si sadaka. Kila aliyeketi pale anajua kwamba kijana huyo akiajiriwa, ada ya mdogo wake itakuwa juu yake.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huanzia kwingine: mzazi wako ni nani, na ana uwezo gani? Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, mdhamini atie saini. Msichana aliyesomeshwa sekondari ya kanisa kwa michango ya shangazi zake anaweza kuonekana mtoto wa mwenye nacho, kisa tu shule aliyosoma ina ada kubwa. (Aliyefadhiliwa hutakiwa kuleta barua ya mfadhili. Ukoo hauna barua yenye nembo.)

Kwa hiyo anayekwenda chuo ni mtu mmoja au ni wengi? Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Kilimanjaro kuanzia 1902 hadi 1938, zaidi Old Moshi, angejibu bila kusita. Kwake mtu aliumbwa na ukoo, ujirani na rika, na alihofu kwamba fedha na elimu ya kigeni vingekata vifungo hivyo. Kahawa ilimsuta. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ikapita katika vifungo vilevile alivyovihofia, ikatoka kwenye mizani ikaingia darasani. Waliolipa wengi wao hawakuwahi kuliona geti la chuo.

Nyerere alilikuza daftari la ukoo likawa la taifa. Chuo kililipiwa na serikali, kwa sharti. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, ambako kwa miezi kadhaa wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Aliwafukuza chuo, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, lakini hoja yake haikuhitaji dini: mkulima amekulipia, nawe una deni kwake.

Bei ya kahawa ikaporomoka mwaka 1989, baada ya makubaliano ya mgawo wa soko la dunia kuvunjika, na miaka iliyofuata serikali nayo ikaanza kuchangia gharama na wazazi. Kilimanjaro mapigo yote mawili yaliangukia nyumba zilezile. Waliobaki na kihamba, shamba la ukoo, peke yake walikitazama mara mbili. Kukiuza ni kuuza na makaburi, maana wazee wamezikwa humohumo. Hata hivyo wapo waliokata kipande.

Mkopo wa Bodi nao ulizua swali la kale. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilikuwa riba au haikuwa riba? Qurani imeharamisha riba, na Luther, ambaye jina lake limeenea mlimani, aliandika kuikemea mwaka 1524. Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza kuifuta, na wengi walishangilia kwa haki. Lakini shilingi haingoji mtu. Anayerejesha leo milioni aliyokopa miaka kumi iliyopita amerejesha pungufu ya alichochukua, na pengo hilo linazibwa na walipa kodi, akiwamo shangazi wa Mbuyuni kila anaponunua vocha.

Makato ya Bodi ya asilimia 15 ya mshahara nayo hayajui kama mwajiriwa mpya analipia wadogo zake wawili. Inavutia kusema kwamba ada anayomlipia mdogo wake ihesabiwe kuwa marejesho. Mwandishi huyu angeliunga mkono hilo, kama si jambo moja: marejesho hayo ndiyo hukopeshwa wanaofuata. Yatima wa Pasua asiye na ukoo wa kumchangia anapata bumu lake la kujikimu kwa makato ya watu wasiomjua, na kila mhitimu akiruhusiwa kulipia wa kwao tu, yeye hana wa kwao.