Deni la Urafiki

Husemwa kwamba msanii huumba peke yake. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Tuchukue mfano wa Patti Smith na Robert Mapplethorpe, vijana waliokutana New York, Marekani, mwaka 1967. Hawakuwa na fedha wala jina. Walipotaka kutazama picha katika jumba la makumbusho, uwezo wao ulitosha tikiti moja tu. Basi mmoja aliingia, na alipotoka alimsimulia mwenziwe aliyoyaona.

Mapenzi yao yalibadilika, lakini urafiki haukufa. Patti alipotoa santuri yake ya Horses mwaka 1975, picha ya jalada ilipigwa na Robert. Mwaka 1989 Robert alifariki kwa UKIMWI, akiwa na miaka 42. Patti alikuwa amemwahidi kuandika habari zao, na mwaka 2010 kitabu, Just Kids, kilitoka.

Je, aliye hai ana wajibu gani kwa rafiki aliyefariki? Wahenga walinena: ahadi ni deni. Lakini deni hili halilipwi kwa sifa tupu. Anayemsifu marehemu kupita kiasi humwondoa mtu, akatuachia sanamu. Patti aliandika pia njaa yao, mashaka yao na kuachana kwao. Aliyepata tikiti anapaswa kusimulia alichokiona, si alichotamani kukiona. Mwenziwe aliyebaki nje hana macho mengine ila maneno yake.