Mas'ala ya Askari Aliyelazimishwa

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, ndugu yetu mmoja wa hapa Mkokotoni ameniuliza mas'ala haya. Babu yake alikuwa akifanya kazi Tanganyika, akachukuliwa kwa amri wala si kwa hiari, akatiwa katika Keya zamani za vita vya mwaka 1939 hata 1945. Alifundishwa miezi mingi kabla hajamwona adui: gwaride, shabaha, na kulichoma kwa singe gunia lililojazwa nyasi, tena na tena, hata mkono ukawa watenda kabla ya akili kuamua. Kisha akavushwa bahari hata Seilani, na mwaka 1944 akaingia Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw katika mvua na matope. Humo mtu alimtokea katika mianzi, mikono mitupu. Mkono wa mzee ukafanya kama ulivyozoea guniani. Je, dhambi ni yake, au ya aliyemfundisha?

Wako wasemao, ewe msomaji, ya kwamba mwenye kuamriwa ni kama panga, na panga halihukumiwi. Kauli hii ni nyepesi mno. Panga halikupewa akili. Na wanazuoni wamekubaliana ya kwamba kulazimishwa hakumhalalishii mtu kumwua asiyestahili kuuawa. Walakini wasemao kuwa alikusudia nao hawamtendei haki, maana kusudi lataka nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo ndiyo waliyomwondolea kwa makusudi. (Askari wenyewe husema kuwa asitaye hufa, na labda ni kweli.)

Mimi naona hivi. Mlevi haulizwi tu juu ya alilotenda akili ikiwa imeondoka. Huulizwa juu ya kikombe. Basi saa ya askari ni ile ya mbele ya gunia, vita vingali mbali, awezapo kuazimia moyoni ni nani atakayempiga na ni nani atakayemwacha. Na mwalimu aliyemfundisha kupiga asimfundishe kuzuia mkono, ana fungu lake, wala fungu hilo halipunguzi la mwanafunzi.

Ndugu yetu akanambia ya kwamba babu yake aliporudi alifunga miezi miwili mfululizo, na nyumbani wakadhani ni nadhiri. Akataka kujua kama kafara ile ilimlazimu. Nikamwambia amwendee kadhi. Nami nikamwuliza kama mzee alipata kumweleza mtu.

Akasema, "La, maalim, illa mimi, nami nilikuwa mtoto. Alinikuta nikilichoma gunia la makumbi kwa kijiti, akaninyang'anya."