Mcheza Kwao Hutunzwa



Kuna lalamiko moja ambalo wake na waume wengi huwa nalo moyoni, lakini huona haya kulitamka. Halihusu fimbo, wala ulevi, wala uzinzi. Husema hivi: "Huko nje mwenzangu ni mtu wa watu. Kazini wanampenda. Sokoni anacheka na kila mteja. Ndani ya matatu anapiga soga hata na asiowajua. Lakini akivuka kizingiti cha nyumba yetu, uso wake unafungwa kama duka siku ya mazishi."

Huenda ukasema hilo ni jambo dogo. Mume analeta unga, analipa karo, hampigi mtu. Mke anapika, anafua, watoto wanaenda shule wakiwa safi. Wanataka nini zaidi? Wacheze ngoma sebuleni?

Hebu leo tulitazame jambo hili bila haraka, maana limezizimisha nyumba nyingi polepole. Swali letu ni hili: je, uchangamfu ni deni? Mke au mume ana haki ya kuutarajia kutoka kwa mwenzake, au furaha ni kama mvua, hunyesha ikitaka na isipotaka hakuna wa kulaumiwa?

KAZI NA MCHEZO

Wengi wetu tulilelewa na methali isemayo kazi mbaya si mchezo mwema. Ni methali ya kweli, kwa kuwa mchezo haujazi sufuria. Lakini wengine wameielewa kana kwamba mtu mzima mwenye majukumu hapaswi kucheka. Baba akionekana akicheza na watoto, anaogopa kupoteza heshima. Mama akicheka kwa sauti, anaulizwa kama hana kazi.

Wazee wetu hawakuishi hivyo. Wakamba walipoitana kwa mwethya, Wakikuyu kwa ngwatio, na Waluo kwa saga, walikwenda kufanya kazi ngumu: kulima, kupalilia, kujenga. Hata hivyo hawakuifanya kwa kununa. Waliimba, wakataniana, wakashindana, kisha wakala pamoja. Hata neno harambee, ambalo Mzee Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka wa 1963, lilikuwa mwito wa watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja. Mwito ule haukupunguza uzito wa mzigo hata kidogo, ila uliwafanya wavutaji wavute kwa wakati mmoja, na kila mmoja akajua kwamba hayuko peke yake.

Wanandoa nao wana mzigo wao: kodi, karo, ugonjwa, wazazi wazee, shamba lisilotoa. Uchangamfu hautaulipa mzigo huo. Kazi yake ni kuwasaidia wawili hao wavute pamoja.

WALIYOSEMA WANAFALSAFA

Swali hili si geni. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliuhesabu ucheshi wenye kiasi kuwa mojawapo ya fadhila za mtu mwema. Upande mmoja wa fadhila hiyo alimweka mtu anayefanya kila jambo kuwa kichekesho. Upande wa pili alimweka mtu mkavu, asiyechekesha na anayechukizwa wengine wakicheka. Aliona kwamba wote wawili wamepotoka.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka wa 1274, alilifuata wazo hilo katika kitabu chake kikubwa cha teolojia. Anasimulia habari iliyopokewa kutoka zamani kuhusu Mtume Yohane. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale. Akapiga mara kadhaa. Kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema kwamba ndivyo ilivyo roho ya mtu isipolegezwa kamwe.

Tomaso hakuishia hapo. Alifundisha kwamba mtu asiye na furaha yoyote ya kuwapa wengine, na anayewazuia wenzake wasifurahi, ana kasoro ya kimaadili, kwa sababu anakuwa mzigo kwa anaoishi nao. Kweli, alisema kwamba kuzidisha mchezo ni kosa kubwa zaidi. Lakini hakukubali kwamba ukavu ni utakatifu.

Hapo ndipo tunapata jibu la swali letu. Uchangamfu si hisia tu inayotujia au kutupita. Ni kitu tunachowapa wengine, kama vile tunavyowapa salamu. Basi tukiweza kumpa mgeni, tunawezaje kumnyima mtu wa nyumbani?

KWA NINI NYUMBA HUPATA MAKOMBO?

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Yule anayeingia nyumbani na uso mzito mara nyingi si mtu mbaya. Ametumia akiba yote huko nje.

Mwaka wa 1983, mwanasosiolojia wa Marekani, Arlie Russell Hochschild, alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba tabasamu walilotakiwa kuwapa abiria lilikuwa kazi halisi, sawa na kubeba mizigo. Lilichosha, na lingeweza hata kumtenga mtu na hisia zake mwenyewe. Fikiria wanaofanya kazi kama hiyo kwetu: mhudumu wa hoteli, muuguzi, mwalimu, karani wa benki, makanga, mama anayeuza mboga na anayejua kwamba akikunja uso mteja atakwenda kibanda cha jirani. Kutwa nzima wamechangamka kwa sababu riziki inawadai hivyo. Jioni inapofika, kilichobaki ni makombo.

Tena nyumbani hakuna meneja wa kutufukuza. Tunajua kwamba mke hatatuandikia barua ya onyo, wala mume hatakata mshahara. Kwa hivyo tunalipa kwanza deni tunaloogopa, na lile tunalosamehewa tunaliahirisha kila siku.

Ni kweli kwamba nyumbani ndipo mahali pa kuvua barakoa. Ole wake mtu asiye na mahali popote pa kuwa mchovu! Lakini kuchoka mbele ya mwenzako ni jambo moja, na kumlipisha mwenzako uchovu wako ni jambo lingine. Anayesema, "Leo nimechoka sana, nipe nafasi kidogo," amemwamini mwenzake. Anayenuna bila neno amemwacha mwenzake ajiulize usiku kucha: nimekosa nini?

FURAHA SI YA KUAMRISHWA

Hapa yafaa tutahadhari. Wapo waume watakaosoma ukurasa huu na kumwambia mke, "Unaona? Unatakiwa kutabasamu nikifika!" Ndugu, umeelewa kinyume.

Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia muda mwingi mara kadhaa kuliko wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Mke aliyetoka kazini kama wewe, akapika, akaosha watoto, akatazama daftari zao, ilhali wewe umekaa na simu mkononi, hana haja ya mawaidha kuhusu furaha. Ana haja ya mtu wa kushika upande wa pili wa sufuria. Anayetaka kicheko cha mwenzake aanze kwa kumtua mzigo.

Pili, kuna wakati wa kulia. Nyumba iliyofiwa, iliyopoteza kazi, au iliyopata habari mbaya hospitalini haihitaji mzaha. Inahitaji mtu wa kuketi karibu na kunyamaza pamoja. Na kama mwenzako amekuwa na huzuni kwa majuma mengi, halali, hali, hapendi tena alichokipenda, usimwite mkavu wala mvivu. Huenda ni mgonjwa. Mpeleke kwa daktari kama ambavyo ungempeleka akiwa na malaria.

Tatu, si kila kicheko ni chema. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mume anayewachekesha wageni kwa upishi wa mkewe, au mke anayewachekesha mashoga zake kwa mshahara wa mumewe, hachangamshi nyumba. Anaibomoa. Tomaso aliweka mipaka mitatu: mzaha usiwe mchafu wala wa kuumiza, usitupotezee utulivu wa akili, na ufae mahali, wakati na watu. Njia rahisi ya kupima ni kumtazama anayetaniwa. Je, naye anacheka kwa moyo?

TUFANYE NINI?

Kwanza, chunga kizingiti. Dakika za kwanza za kukutana jioni hutia rangi usiku wote. Kabla ya kuuliza nani aliacha mlango wazi au chakula kiko wapi, salimia. Mwite kila mtu kwa jina lake. Madai yote mengine yatangoja dakika 5 bila kuharibika.

Pili, leta nyumbani kitu kimoja cha kuchekesha. Humo matatuni, sokoni na afisini hapakosi kisa. Wengi huleta nyumbani hasira za kazini na kuacha vichekesho hukohuko. Geuzeni desturi hiyo. Na asubuhi fanyeni hivyo kwa upande wa pili: anayeagwa kwa neno jema hufika kazini akiwa na subira zaidi kwa wateja, kwa wenzake na hata kwa bosi msumbufu.

Tatu, hesabu mema. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi, aliona kwamba waliodumu vizuri hawakuwa watu wasiogombana. Waligombana, lakini hata katikati ya ubishi walionyeshana mambo mema kama 5 kwa kila moja baya: kutikisa kichwa kukubali, utani mdogo, mguso wa mkono. Kwa wanaoelekea kuvunjika, mema hayo yalikuwa yamekauka.

Nne, fanyeni jambo jipya pamoja. Mwaka wa 2000, Arthur Aron na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la ajabu. Waliwafunga mume na mke pamoja, mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, wakawataka watambae juu ya mkeka wa mazoezi huku wakisukuma kitu chepesi bila kukishika kwa mikono. Kazi hiyo ilichukua dakika 7 tu. Waliofanya hivyo waliridhika zaidi na ndoa yao kuliko wale waliopewa kazi ya kuchosha. Sikuambii utafute kamba! Nataka uone kwamba furaha haihitaji hoteli ya Mombasa. Kama kutambaa kwa dakika 7 kunaweza kufanya hivyo, basi kupika chapati pamoja mume akiwa ndiye anayesukuma, kutembea hadi mtoni, au kucheza bao na kumwacha mtoto awe mwamuzi kunatosha kabisa.

Tano, ukiwa huna furaha ya kutoa, toa ukweli. "Nimekuwa na siku mbaya, lakini si kwa sababu yako." Maneno hayo machache huondoa hofu nyumbani, na mahali pasipo na hofu kicheko hurudi chenyewe.

NENO LA MWISHO

Mwaka wa 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia watu wa ndoa wosia ambao jina lake kwa Kiswahili ni Furaha ya Upendo. Humo alikumbusha maneno matatu ambayo nyumba haipaswi kuyakosa: naomba, asante na samahani. Ona kwamba hakuna hata moja linalogharimu shilingi, na yote matatu tunayatumia kwa ukarimu mkubwa mbele ya watu wa nje.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ngoma ugenini hupigiwa makofi, kisha watu hutawanyika kila mmoja kwake. Wale watakaokuuguza ukiwa mgonjwa, watakaokukumbuka ukiwa mzee, na watakaowasimulia wajukuu jinsi ulivyokuwa, ni hawa walioketi nawe mezani usiku wa leo. Wasije wakasikia habari za ucheshi wako kwa mara ya kwanza siku ya mazishi yako, kutoka kwa watu uliofanya nao kazi.

Maswali ya kujadiliana, bwana na bibi:

1. Ni lini mara ya mwisho tulicheka pamoja hadi machozi? Tulikuwa tukifanya nini?

2. Ni mzigo gani ambao, kama ungenisaidia kuubeba, ungenirudishia furaha yangu?

3. Kuna mzaha wowote ninaoufanya ambao hukuumiza ingawa unacheka?