MAJI TWAHIRI NA MAJI SALAMA

Kila aliyesoma mlango wa twahara katika madhehebu ya Imamu Shafii ajua kuwa maji yakifika kulateni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, illa yabadilike rangi au ladha au harufu. Basi Ziwa Viktoria, lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, ni twahiri pasi na shaka, na mtu wa Mwamanyili, wilaya ya Busega mkoani Simiyu, akitawadha kwa maji ya Ghuba ya Speke udhu wake ni sahihi. Kosa huanza pale anapodhani kuwa lililo twahiri halina madhara.

Lau mambo haya mawili yangekuwa kitu kimoja, wanavyuoni wasingalisema kuwa maji yaliyopata moto kwa jua katika chombo cha madini ni twahiri, na pamoja na hayo ni makuruhu kuyatumia mwilini, kwa kuchelea mbalanga.

Na itazamwe khabari ya kichocho. Mwenye maradhi haya huenda haja kubwa kando ya ziwa, na mayai ya minyoo yakatoka naye. Yakifika majini huanguliwa. Vijidudu vyake huingia katika konokono wadogo, huzaana humo majuma kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi nzima ya mtu kwa dakika chache. Rangi ya maji haikubadilika, wala ladha, wala harufu. Mtoto aogaye, mama afuaye na mvuvi asukumaye mtumbwi ndio walipao: baada ya miaka ini huharibika, tumbo hujaa maji, na wengine hutapika damu. Kichocho cha kukojoa damu, kijulikanacho tangu zamani Unguja na Pemba, ni ndugu ya hiki; nacho hukaa katika vijito na madimbwi, si baharini.

La kuhuzunisha ni kuwa huenda mtu akachagua mahali karibu na maji ili apate kustanji. Ametafuta usafi wake, akawaachia wenziwe maradhi.

Je, ana dhambi? Atasema hakukusudia, wala hamjui aliyemdhuru. Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyosimama, na kwenda haja mashukoni pa maji, na mafakihi wa Kishafii wamelihesabu jambo hilo katika maji mengi kuwa makuruhu. Hayo yamtosha asiyejua. Ama aliyekwisha kuijua njia ya kichocho, suali lake limetoka katika mlango wa twahara, likaingia katika mlango wa kudhuru watu. Mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu haulizwi kama alimjua atakayetumbukia.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimkingi mtu akirudi katika maji yale yale. Asiye na maji ila ya ziwa na ayateke pasipo konokono, ayaweke chomboni siku mbili kamili, kwani vijidudu hivyo havidumu zaidi ya hapo, ndipo atawadhe. Au ayachemshe yapoe, na moto wa jiko hauna ukaraha ule wa jua. Choo nacho kichimbwe mbali na ufuo, na birika la kustanjia liwekwe huko huko.