Mshika Mbili: Sarah Bernhardt na Deni la Kipaji

Methali isemayo "mshika mbili moja humponyoka" huchukuliwa aghalabu kuwa nasaha. Inapoelekezwa kwa msanii, hata hivyo, hugeuka kuwa hukumu ya kimaadili: kwamba aliyekuzwa na hadhira katika sanaa moja hana idhini ya kujigawa. Je, kipaji ni deni? Na kama ni deni, mdai ni nani?

Maisha ya Sarah Bernhardt (1844–1923), mwigizaji mashuhuri wa Ufaransa, yanalidhihirisha suala hili. Katika miaka ya 1870, akiwa nyota wa Comédie-Française, alijifunza uchongaji, na pia uchoraji kwa Alfred Stevens. Mwaka 1876 sanamu yake ya bibi kizee wa Brittany aliyempakata mjukuu aliyekufa maji ilitunukiwa sifa katika Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris. Mwaka 1879, kampuni ilipokwenda London, alionyesha huko sanamu na picha zake. Alipokosa onyesho moja kwa maradhi, alishutumiwa kuwa anaipuuza tamthilia. Émile Zola akamtetea. Mwaka 1880 alijiuzulu, na mahakama ikamwamuru alipe faranga 100,000.

Hapa pana madai mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni la mkataba. Aliyeahidi kuigiza asiigize amewakosea wenzake na watu waliolipa kiingilio. Deni hilo lina kiasi, na hulipika. La pili ni la kipaji chenyewe, nalo halina kiasi. Anayelidai humfanya msanii kuwa mali ya wanaompigia makofi. Makofi ni shukrani kwa kilichokwisha kutolewa. Si rehani ya kitakachofuata.

Huenda ikajibiwa kwamba sanamu zake hazikufikia kimo cha uigizaji wake. Hoja hii inahusu thamani ya kazi, wala haigusi haki ya kuifanya. Isitoshe, wahakiki wa fasihi simulizi wanaelewa fika kwamba utendaji hukoma hadhira inapotawanyika. Msanii ambaye kazi yake huzimika kila usiku hawezi kulaumiwa kwa kutamani pia kazi ibakiayo.

Tamaa hiyo haikuwa dharau kwa jukwaa. Katika kidau cha wino cha shaba alichokifinyanga mwaka 1880, Bernhardt alijisawiri kama kiumbe mwenye mbawa za popo, mabegani pakiwa na vinyago vya tanzia na ramsa. Hata baada ya kukatwa mguu mwaka 1915 aliendelea kuigiza, aghalabu akiwa ameketi.

Basi hadhira ina haki ya kudai kwamba msanii, awapo mbele yake, awepo kwa ukamilifu. Onyesho likiisha, dai hilo nalo huisha. Saa zinazobaki ni zake, hata akizitumia vibaya.