Chema Hakijiuzi Mtandaoni

Kazi yangu ya kwanza ya kurekebisha tovuti ilichukua dakika mbili. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa Eastleigh alikuwa amelipa mpiga picha, amelipa mtengenezaji wa tovuti, na miezi minne baadaye ukiandika jina la duka lake kwenye Google hupati kitu. Si ukurasa wa kwanza, si wa kumi. Hayupo. Nikaingia kwenye mipangilio ya WordPress, nikakuta kisanduku kimetiwa tiki, kile kinachoziambia injini za utafutaji: tafadhali msiiorodheshe tovuti hii. Watengenezaji hukitia tiki wakati wa ujenzi ili wageni wasiione nyumba ambayo haijaezekwa, kisha wanasahau kuitoa. Nikaitoa. Nikamtoza shilingi 3,000 na sikuona haya, maana duka lililokuwa limefichwa sasa lilikuwa barabarani.

Watu wengi hudhani kazi hii ni uchawi. Kusema ukweli, nyingi ni ya fundi wa mifereji. Unakuta picha moja ina uzito wa megabaiti sita, mtu wa bando la shilingi 20 anangoja hadi anakata tamaa. Unakuta kurasa arobaini zote zina kichwa kimoja, “Home”. Unakuta tovuti moja inafunguka kwa anwani nne, yenye www na isiyo nayo, yenye kufuli la usalama na isiyo nalo, na Google inabaki kukisia ipi ndiyo yenyewe. Viungo vinavyoelekea kwenye kurasa zilizofutwa zamani. Maandishi yasiyosomeka kwenye simu, ilhali tangu 2016 Google ilishatangaza kwamba itaipima tovuti kwa sura yake ya simu. Unaziba, unaelekeza, unapunguza uzito. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwa na tovuti. Huku kwetu chema kisipotembezwa kinaozea ukurasa wa saba.

Niliamini hivyo kwa miaka mitatu, na niliamini kwa moyo mweupe. Kisha akaja mteja wa dawa.

Alikuwa na ofisi ghorofa ya tatu, si mbali na River Road. Mzee mpole, anakukaribisha kwa chai ya tangawizi kabla ya neno lolote. Anauza unga wa mizizi na majani. Tovuti yake ilikuwa na kila ugonjwa ninaoujua: nzito, vichwa vinavyojirudia, anwani nne, hakuna kufuli. Tukakubaliana shilingi 25,000, nusu mbele. Ilikuwa tarehe mbili ya mwezi na mwenye nyumba wangu alikuwa ashapiga simu mara mbili. Nalitaja hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanitetea.

Nilirekebisha kila kitu. Halafu nikampa wazo ambalo nililionea fahari sana: tuandike kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza, mtu akitafuta tiba ya kisukari unashindana na Mayo Clinic, na Shirika la Afya Duniani, na hospitali zenye timu nzima za waandishi na madaktari wa kuhakiki. Huwezi. Lakini nilipoandika “dawa ya kisukari” nilikuta kiwanja karibu kitupu. Kurasa chache, nyembamba, nyingine hazifunguki. Nikamwambia, “Mzee, hapa hakuna ushindani.” Baada ya wiki saba ukurasa wake ulikuwa nafasi ya tatu. Tulikula nyama choma siku hiyo, yeye ndiye aliyelipa.

Mwezi uliofuata mama mdogo akanipigia kutoka Voi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Kuna dawa nimeiona Google. Nataka uniambie kama ni ya ukweli.”

Akaanza kunisomea, polepole, kama mtu asiyevaa miwani yake. “Ugonjwa wa sukari unatibika. Mimea asilia, bila sindano, bila vidonge. Matokeo ndani ya siku 21.”

Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya matatu Ngong Road. Nilitoka kwenye foleni.

Yale maneno mawili au matatu yanayotokea chini ya jina la ukurasa kwenye matokeo tunayaita maelezo. Yana kama herufi 155. Hayaupandishi ukurasa, kazi yake ni kumvuta mtu abonyeze. Yale yalikuwa maelezo yangu. Mama mdogo ana kisukari aina ya pili, anameza metformin kila siku, na alitaka kujua kama anaweza kuviacha vidonge kwanza ili majani “yafanye kazi bila kusumbuliwa”. Nikamwambia asiache chochote mpaka aongee na daktari wake. Akaniuliza kwani dawa ni mbaya? Nikasema simjui muuzaji. Huo ulikuwa uongo wa pili. Wa kwanza alishausoma.

Yeye ana mtoto wa dadake wa kumpigia. Mwenye kisukari aina ya kwanza, akiacha insulini, hapewi siku 21 za kujaribu. Siku chache tu na maisha yako yamo hatarini. Mtu kama huyo akiutua ukurasa ule usiku, peke yake, anampigia nani?

Nikamweleza rafiki yangu ambaye tunafanya naye kazi hizi. Jibu lake lilikuwa la haraka, na halikuwa la kijinga. Wewe ni fundi, aliniambia. Fundi wa mifereji haulizi maji yatapikia nini. Maneno ni ya mwenye tovuti, nafasi inatolewa na Google, uamuzi ni wa msomaji. Wewe umeingia wapi? Tena akanikumbusha kwamba sikudanganya mtambo. Na hilo ni kweli. Ulaghai wa fani hii unajulikana: kujaza neno moja mara mia, kuficha maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe, kununua viungo. Mnamo 2011 gazeti la New York Times lilifichua jinsi duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilivyopandishwa na maelfu ya viungo vya kulipiwa, na Google ikaliteremsha. Mimi sikufanya hata kimoja kati ya hivyo. Kila nilichokirekebisha ni kile ambacho Google yenyewe inawasihi watu wakirekebishe.

Hapo ndipo hoja ya fundi inaponikwama. Nilidhani uadilifu wa kazi yangu unakaa kwenye mbinu: mbinu safi, kazi safi. Lakini mbinu safi ilibeba uongo ukafika Voi salama salimini, kwa kasi, bila kukwama kwenye simu ya mtu yeyote.

Na hoja ya maji haifanani na kazi yangu. Maji yakiingia kwako hayatoki kwa jirani. Nafasi za ukurasa wa kwanza ni kama kumi, na anayepanda anamsukuma mwingine. Nilirudi nikatazama nilimsukuma nani. Mmoja wao ulikuwa mwongozo wa hospitali moja ya umma kuhusu kula na kuishi na kisukari, kwa Kiswahili kizuri kabisa. Ulikuwa faili la karatasi zilizoskaniwa, mbili zimelala ubavu, kichwa chake “scan0014”. Hata kufunguka kwenye simu yangu ulichukua karibu dakika. Ugonjwa ule ule wa tovuti ya mzee wa dawa. Tofauti ni kwamba hospitali haikuwa na mimi.

Tuseme basi ni wajibu wa Google. Inao mwongozo unaosema kurasa za afya na pesa zipimwe kwa ukali zaidi, na Agosti 2018 ilifanya badiliko lililoyumbisha tovuti nyingi za afya duniani, mpaka wataalamu wakalibatiza “Medic”. Nisingejali kuulaza mzigo huo huko. Ila mizani, hata iwe kali namna gani, hupima kilichowekwa juu yake. Kwa Kiingereza uongo unashindana na kweli mia. Kwa Kiswahili mimi nilijua kiwanja ni kitupu, na ndiyo sababu nilimpeleka mzee pale. Kuupandisha ukurasa mahali penye majibu elfu ni kuongeza sauti sokoni. Kuupandisha mahali penye majibu manne ni karibu sawa na kushika kipaza sauti msikitini. Watu wananyamaza wakusikilize.

Kuna jambo nimelichelewesha. Nilipofungua tena ukurasa wa mzee nitafute maneno niliyoyanakili, nilikuta siku 21, nikakuta mimea asilia. “Bila sindano, bila vidonge” hayakuwemo. Popote. Niliyatunga mimi, saa tano usiku, kwa sababu herufi zilikuwa zimebaki na sentensi ilihitaji mdundo.

Nikaenda kumwona. Chai ya tangawizi. Nikamwambia tuondoe siku 21, tuandike kwamba dawa haichukui nafasi ya daktari. Hakufoka. Akafungua simu akanionyesha jumbe za wateja wakimshukuru. Akaniambia mamake mwenyewe anatumia ule unga. Nadhani anaamini. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa tapeli. “Kijana,” akasema, “wewe nilikulipa nionekane. Nimeonekana. Ahsante.”

Lakini bado nilikuwa na nywila yake. Usiku huo niliingia, nikafika mpaka kwenye mipangilio, mpaka kwenye kile kisanduku cha yule mama wa vitambaa. Tiki moja. Ukurasa ungedidimia wenyewe siku kadhaa baadaye, na mzee angehangaika na kumlaumu Google. Pengine angeniita mimi nimrekebishie, kwa pesa.

Sikuitia. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa uadilifu au woga, na sina jibu linalonilaza vizuri. Upande mmoja, nywila ni amana. Nikijipa ruhusa ya kumzima mtu gizani kwa sababu nina hakika, basi kila fundi mwenye hakika ana ruhusa hiyo, na nimekutana na mafundi wenye hakika za ajabu. Upande wa pili, kuna mtu mahali fulani na sindano yake mkononi, akisoma sentensi yangu. Mtu huyo hana haja na falsafa ya amana. Nilichofanya ni kidogo kuliko vyote viwili: nilifuta maneno yangu, yale ambayo hayakuwa ya mzee, nikamwandikia kumweleza nimefuta nini na kwa nini, nikamwambia abadilishe nywila. Nusu ya pili ya malipo sikuidai. Alibadilisha. Baada ya siku nne maneno yalikuwa yamerudi, neno kwa neno. Yalikuwa yanavuta watu, bana.

Ule mwongozo wa hospitali niliuandikia barua pepe mbili, nikajitolea kuunyoosha bure. Sijajibiwa. Sasa kuna nesi mmoja, tulisoma naye, ananiandikia kurasa za kisukari Jumapili akitoka zamu: dalili, chakula, kwa nini usiache dawa hata ukijisikia nafuu. Mimi nazipa vichwa, nazipunguza uzito, nahakikisha zinafunguka kwenye simu ya mama mdogo. Maelezo chini ya kila moja nimemwachia yeye ayaandike.

Ukurasa wa mzee bado ni wa tatu. Wetu jana ulikuwa wa kumi na nne.